Damu ya Buha Haimo Daftarini

Kila dawa mpya ya saratani inapotajwa sambamba na neno "majaribio", kuna usemi mmoja usiochelewa kufika katika mijadala yetu: Waafrika si panya wa maabara. Nimeusikia kwa wanafunzi wangu, nimeusoma kwenye mabango ya wanaharakati, na nimeusikia pia kwa watumishi wa umma ambao nafasi zao zingewataka wajue zaidi. Ni usemi mtamu. Humpa msemaji hadhi ya mpigania ukombozi bila kumgharimu hata senti. Ninachodai katika makala haya ni kwamba, kwa mgonjwa wa saratani ya damu aliyezaliwa Kibondo au Kasulu, usemi huo ni wa uongo, na ni uongo unaoua. Mgonjwa huyo hajawahi kuwa panya wa mtu yeyote. Hakuna aliyemjaribia dawa. Mara nyingi hakuna hata aliyempima akajua anaumwa nini.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa kuwa siasa yote ya jambo hili imejificha ndani yake. Saratani ya damu huanzia katika uboho, ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Seli nyeupe zilizoasi utaratibu huzaliana kupita kiasi na kuzinyima nafasi seli nyingine. Seli nyekundu zikipungua, mtu hupauka na kuishiwa nguvu. Chembe sahani zikipungua, fizi na pua hutoka damu. Seli nyeupe timamu zikikosekana, homa haikatiki. Katika aina ile ya polepole, ambayo madaktari huiita CML, bandama huvimba hadi upande wa kushoto wa tumbo ukawa mgumu kama ubao. Sasa zisome dalili hizo ukiwa katika zahanati ya kijiji wilayani Kibondo, katika mkoa ambao kwa miaka mingi umekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini. Homa ni malaria. Upungufu wa damu ni malaria. Bandama ni malaria iliyokaa mwilini muda mrefu. Tabibu anayeandika hivyo si mjinga. Akifuata hesabu ya uwezekano, mara nyingi atakuwa sahihi. Anayeumia ni yule mmoja ambaye hesabu haikumkuta, na mmoja huyo hafahamiki kamwe, kwa sababu hufa akiwa na cheti cha malaria.

Mtoto wa jirani yetu mashambani Kasulu alitibiwa malaria mara tatu na kuongezewa damu mara mbili, katika vituo ambavyo sitavitaja. Rufaa ilipoandikwa hatimaye, baba yake alikuwa bado anatafuta mnunuzi wa magunia yake ya maharage ili apate nauli. Mtoto hakusubiri. Sijui kama alikuwa na saratani ya damu; nashuku tu, kwa kuzilinganisha dalili nilizosimuliwa na zile ninazozisoma. Kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kunijibu swali hilo ndilo jambo ninalolilalamikia.

Sasa tutazame upande wa pili wa dunia. Mwaka 1948, mjini Boston, daktari Sidney Farber alichapisha matokeo ya watoto 16 wenye saratani kali ya damu aliowapa dawa iitwayo aminopterin. Watoto 10 walipata nafuu. Nafuu hiyo ilikuwa ya muda tu, na wenzake wengi walimbeza. Lakini mlango ulikuwa umefunguka. Katika miaka ya 1960, hospitali ya St. Jude kule Memphis, chini ya Donald Pinkel, iliunganisha dawa kadhaa pamoja na tiba ya kulinda ubongo, na ikafika mahali ambapo takriban nusu ya watoto walipona. Leo, katika nchi tajiri, watoto wapatao tisa kati ya kumi wenye aina ile ile ya ugonjwa hupona. Safari yote hiyo, kutoka sifuri hadi tisa, ilipitia majaribio. Kila mtoto aliyeandikishwa alitibiwa kwa njia iliyokuwa inajulikana kuwa bora, au kwa njia iliyodhaniwa kuwa bora zaidi, na matokeo yake yaliandikwa ili mtoto wa kesho atibiwe vizuri kuliko yeye. (Moja ya dawa kuu katika mchanganyiko huo, vincristine, hutoka katika mmea wenye asili ya Madagaska ambao watu wengi wa ukanda huu huupanda uani kama ua la kupendezesha nyumba. Tunalimwagilia maji kila jioni.)

Desemba 2024 yalitangazwa matokeo ya jaribio jingine. Watoto 1,440 waligawanywa katika makundi mawili; kundi moja lilipewa tiba ya kawaida, jingine likaongezewa dawa iitwayo blinatumomab, ambayo huzikutanisha seli za kinga za mgonjwa na seli za saratani ili zizishambulie. Baada ya miaka mitatu, watoto walioishi bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 87.9 katika kundi la kwanza na asilimia 96.0 katika kundi la pili. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba uandikishaji ulisimamishwa kabla ya muda, kwani haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine dawa hiyo. Watoto hao walitoka Marekani, Kanada, Australia na New Zealand. Dawa hiyo huingia mwilini kwa pampu, mchana na usiku, kwa siku 28 mfululizo kila mzunguko. Mwanaharakati anayesema tusiwe panya wa maabara anipe jibu: watoto hao ni panya?

Wapo watakaoniambia kwamba hayo ni ya Wazungu na kwamba sisi hatuna historia nayo. Hapo ndipo elimu yetu inapotuaibisha, maana historia ipo, na ipo karibu. Mwaka 1961 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, alifunga safari ya maili 10,000 kwa gari kuukuu pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, akiuliza hospitali kwa hospitali kuhusu uvimbe wa taya unaowaua watoto. Aligundua kwamba uvimbe huo unafuata joto na mvua na unaikwepa miinuko, ikiwemo ile ya Rwanda na Burundi, majirani zetu wa Buha. Ugonjwa huo, ambao leo una jina lake, ni ndugu wa karibu wa saratani ya damu. Huzaliwa katika ukoo ule ule wa seli. Agosti 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kuutibu, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani, chini ya John Ziegler. Hapo ndipo mchanganyiko wa dawa ulipojaribiwa kwa utaratibu, juu ya watoto wa Kiganda, Kiacholi, Kilango na wengineo. Mwaka 1972 tuzo ya Lasker ya Marekani ilipotolewa kwa waasisi wa tiba ya saratani kwa dawa, Burkitt na Ziegler walikuwamo, na pia Mkameruni Victor Anomah Ngu, aliyefanya kazi kama hiyo Ibadan. Idi Amin alipowafanya Wamarekani waondoke, Mganda Charles Olweny alikishika kituo na kazi ikaendelea katika miaka ambayo hata pamba na sindano zilikuwa tabu kupatikana.

Kuna jambo moja katika habari ya Mulago ambalo nataka msomaji alitazame kwa utulivu. Wafanyakazi wa kituo kile walikuwa wakitoka na gari kwenda vijijini kuwatafuta wagonjwa waliokwisha kuruhusiwa. Walifanya hivyo kwa kuwa hesabu ya jaribio huharibika usipojua nani yu hai na nani amekufa. Huruma peke yake isingelipia petroli. Jaribio haliwezi kumpoteza mgonjwa wake. Hospitali ya kawaida inaweza, na humpoteza kila siku: hakurudi kliniki, jalada likafungwa, basi. Kwa mtu wa Kibondo, ambaye yuko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Ocean Road na mamia ya kilomita kutoka Bugando, kuwa katika orodha ya watu wasioruhusiwa kupotea ni tiba kabla ya tiba.

Sidharau hofu. Anayedhani hofu ya majaribio ni ushamba hajasoma historia ya kanda hii. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, mshindi wa tuzo ya Nobel, alipiga kambi visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria kutafuta dawa ya malale. Aliwapa maelfu ya wagonjwa dawa ya aseniki iitwayo atoxyl, akapandisha kipimo alipoona haiponyeshi, na wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka. Baada yake Wajerumani walifungua kambi za malale kando ya Ziwa Tanganyika. Waingereza nao, walipochukua nchi, waliwahamisha watu wa Buha kutoka vijiji vyao katika mapori ya mbung'o na kuwakusanya katika makazi mapya, kwa jina la afya. Wazee wetu hawakuulizwa. Kumbukumbu ya aina hiyo haifutwi na semina ya siku mbili yenye chai na maandazi.

Lakini kumbukumbu ikiwa kamili haiishii hapo. Karibu miaka mia moja baada ya Koch, ugonjwa ule ule wa malale ulifanyiwa jaribio la dawa katika kituo cha afya cha Kaliua, mkoani Tabora, yaani mkoa jirani na wetu, sambamba na hospitali ya Lwala nchini Uganda. Dawa ilikuwa melarsoprol, nayo pia ya aseniki, dawa kali ambayo yenyewe huua takriban mgonjwa mmoja kati ya ishirini. Swali lilikuwa la kawaida kabisa: je, badala ya ratiba ndefu iliyozoeleka, mgonjwa anaweza kupewa dozi za siku kumi mfululizo? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba inawezekana bila kumwongezea hatari, na muda wa kulazwa ukashuka kutoka siku 29 hadi 13. Kwa mkulima, siku kumi na sita ni palizi nzima. Jaribio hilo halikufanyika katika jumba la vioo. Lilifanyika katika kituo cha afya cha wilaya, palipo na ugonjwa.

Kwa hiyo Sese na Kaliua zote ni majaribio, na zote zilitumia sumu ya jamii moja. Kilichozitenganisha ni nani aliulizwa, nani angeweza kukataa, na swali lililojaribiwa lilikuwa na faida kwa nani. Mwanaharakati makini angesimama hapo na kupigania mambo hayo matatu. Badala yake anapigania lango lifungwe, halafu anarudi nyumbani akiamini ametulinda.

Yuko mpinzani wa pili, na huyu namheshimu zaidi, maana ana hoja. Ni mtumishi wa umma anayesema: wilaya ina upungufu wa wakunga, dawa za shinikizo la damu zinakwisha kabla ya mwezi kuisha, wewe unatuletea habari za saratani ya damu na matibabu ya mamilioni? Tuanze na ya msingi. Anaponitajia tiba ya seli za kinga zilizobadilishwa maabara, ile iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja, nakubaliana naye bila kusita. Hiyo si ya kuomba leo.

Ila hoja yake inadhani kwamba jaribio la tiba lazima liwe la kitu ghali. Blantyre, Malawi, madaktari walijiuliza swali la mtu maskini: tukiwa na dawa moja ya bei nafuu, cyclophosphamide, bila chumba cha wagonjwa mahututi, ni watoto wangapi wenye uvimbe wa Burkitt tunaoweza kuwaponya? Jibu lilikuwa karibu nusu. Nusu si tisini kwa mia, lakini ni watoto wazima wanaokwenda shule, na hakuna mtafiti wa Boston ambaye angelijibu swali hilo kwa niaba yao. Dozi inayomponya mtoto wa Memphis huweza kumuua mtoto wetu, ambaye ana utapiamlo, ana malaria, na wodi yake haina antibiotiki ya kumwokoa kinga yake inaposhuka. Anayetaka kujua dozi ya mtoto wa Kasulu hana budi kuitafuta kwa mtoto wa Kasulu, kwa tahadhari zote.

Wachina walifanya hivyo. Mwaka 1985, Shanghai, daktari Wang Zhenyi alimtibu mtoto wa miaka mitano mwenye aina moja ya saratani ya damu, iliyokuwa ikiua upesi kuliko karibu zote, kwa kidonge kinachotokana na vitamini A. Akapona. Mjini Harbin wenzake walikuwa wameshaanza kuitumia aseniki, ile ile, kwa ugonjwa huo. Leo vitu hivyo viwili vikiunganishwa, ugonjwa huo ukiwahiwa, wagonjwa zaidi ya tisa kati ya kumi hupona, mara nyingi bila dawa nyingine kali. China ya mwaka 1985 haikuwa nchi tajiri. Haikuwa imekwisha kumaliza "ya msingi".

Nije kwenye CML, kwa sababu hapo kuna mfano unaogusa nchi yetu moja kwa moja. Mwaka 1998 Brian Druker, kule Oregon, alianza kuwapa wagonjwa kidonge kiitwacho imatinib, ambacho wengi wanakijua kwa jina la Glivec. Kinaizima protini inayotokana na kasoro ya kromosomu iitwayo Philadelphia. Mei 2001 kiliidhinishwa Marekani. Ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache ukageuka ugonjwa wa kuishi nao, kama kisukari. Mwaka 2002 kampuni ya Novartis pamoja na Max Foundation walianza mpango wa kuwagawia bure wagonjwa wa nchi maskini, na Tanzania iliingia, dawa ikitolewa Ocean Road. Watanzania wengi wako hai kwa sababu hiyo. Nawashukuru waliohusika, na simaanishi kejeli.

Lakini shukrani isitupofushe. Kwanza, msaada ni hisani, na hisani huwa na mwenyewe. Mahakama ya Juu ya India ilipoikatalia Novartis hataza mwezi Aprili 2013, na Shirika la Afya Duniani lilipoiingiza imatinib katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, njia ya kununua dawa hiyo kwa bei nafuu ilikuwa wazi kwa serikali yoyote yenye nia. Pili, kidonge ni bure, basi si bure. Mgonjwa wa Kibondo aliyetakiwa kufika Dar es Salaam kuchukua dawa aliishi kwa nauli, na siku nauli ilipokosekana seli zilianza upya. Tatu, ili uingie katika mpango lazima kwanza upimwe ile kasoro ya Philadelphia. Tukarudi pale pale pa bandama iliyoitwa malaria.

Na kuna la nne, lisilozungumzwa. Wagonjwa wa CML barani Afrika kwa kawaida ni vijana zaidi kuliko wa Ulaya. Mtu wa miaka 35 anaambiwa ameze kidonge maisha yake yote. Wafaransa walijiuliza: je, mgonjwa ambaye ugonjwa hauonekani tena kwa kipimo chochote anaweza kuacha? Mwaka 2010 walionyesha kwamba takriban wanne kati ya kumi waliweza kuacha bila ugonjwa kurudi katika mwaka wa kwanza. Nani anahitaji jibu hilo kuliko kijana wa Kibondo, anayekula nauli ili ameze dawa? Lakini hawezi hata kuulizwa kama angependa kushiriki, kwa sababu kuacha dawa kunataka kipimo cha jeni karibu kila mwezi, na hakipo mkoani.

Ninasema hakipo. Ila mashine yake ipo. Hospitali nyingi za wilaya nchini zina mashine ya GeneXpert, inayopima kifua kikuu. Mashine ya aina hiyo hiyo, ikiwekewa katriji na programu yake, hupima jeni ya BCR-ABL, ambayo ndiyo alama ya CML. Kinachokosekana ni katriji, mtu aliyefundishwa kuiandaa sampuli, na mtu wa juu aliyewahi kulifikiria jambo hili kwa dakika tano. Mtumishi wa umma anayesema tuanze na ya msingi, hilo ndilo la msingi. Hilo, na hesabu kamili ya damu kwa kila mgonjwa ambaye homa yake imetibiwa mara mbili na kurudi, na fundi wa maabara anayeijua damu ya saratani akiiona kwenye hadubini. Hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja mafuta au gesi.

Siwezi kuandika juu ya Kibondo na Kasulu nikawaruka wakimbizi. Nyarugusu ipo tangu mwaka 1996, Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015. Humo wameishi Wakongo na Warundi ambao kwa damu na lugha ni ndugu wa Waha. Rufaa za gharama kubwa kwa mkimbizi hupitia kamati inayopima gharama na matumaini ya kupona, na saratani hushindwa mara nyingi katika mizani hiyo. Je, mkimbizi aandikishwe katika jaribio? Hapa nakiri ugumu. Ridhaa ya mtu asiyeruhusiwa kutoka kambini bila kibali ni ridhaa ya namna gani, ikiwa jaribio ndilo basi pekee liendalo Mwanza? Walakini kumfungia nje kwa jina la kumlinda, halafu kumwacha afe kwa ugonjwa unaotibika, ni ulinzi ambao hata Koch angeuonea haya. Mtafiti atakayekuja aje na jibu la swali hilo mkononi, na aulizwe na kamati ya maadili kabla ya kuulizwa na mimi.

Ridhaa yenyewe ina lugha. Fomu zetu huandikwa kwa Kiswahili cha ofisini, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza cha wanasheria, halafu husomewa mama ambaye huota ndoto zake kwa Kiha. Anaambiwa mtoto wake "atagawanywa kwa nasibu". Neno nasibu analijua: ni lile la bahati nasibu, la tiketi na kamari. Ana haki ya kuinuka na kuondoka. Lakini mama huyo huyo ukimweleza kwamba waganga wawili wazuri hawakubaliani ni njia ipi inayofaa zaidi, na kwamba badala ya mmoja kulazimisha, watapiga kura ya vijiti ili wasiwe na upendeleo, kisha wahesabu mwishoni, atakuelewa vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi wa mwaka wa kwanza. Kazi hiyo ya lugha ni ya watu wa fani yangu, na tumeiacha.

Silaha tunayo, ni kibali. Jaribio lolote la dawa nchini haliwezi kuanza bila idhini ya maadili kutoka NIMR na kibali cha TMDA. Azimio la Helsinki, linaloongoza maadili ya utafiti duniani, linadai kwamba mpango wa kuwapatia washiriki dawa baada ya jaribio uwekwe kabla jaribio halijaanza. Tunalijua, tunalifundisha, halafu tunaridhika na ahadi za jumla. Watoto wa Korogwe na Bagamoyo walishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria yaliyomalizika mwaka 2014. Mwaka 2019 chanjo hiyo ilipoanza kutolewa kwa watoto wa kawaida, ilianzia Ghana, Kenya na Malawi. Sisi tulitoa mikono ya watoto wetu, tukabaki kusubiri.

Ninachotaka kiandikwe kwenye kibali cha kila jaribio la saratani litakalofanyika Muhimbili, Ocean Road, Bugando au KCMC ni hiki: sehemu ya washiriki watoke mikoa ya pembezoni, ikitajwa kwa majina; nauli na malazi ya mgonjwa na mlezi wake yalipwe na mfadhili; na dawa ikithibitika, iendelee kutolewa katika hospitali ya mkoa anakotoka mshiriki. Nitaambiwa wafadhili watakimbilia nchi nyingine. Labda baadhi. Ila wafadhili hao huja kwetu kwa kuwa tuna wagonjwa ambao hawajatibiwa na watafiti wanaojua kazi, na mtu anayekuja kununua kitu asichokipata kwao hukubali kujadili bei.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wameandaa barua ya maswali matatu kwenda ofisi ya mganga mkuu wa mkoa wa Kigoma na nakala kwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni: ni wagonjwa wangapi waliopewa rufaa kwa kushukiwa saratani ya damu kutoka Kibondo na Kasulu katika miaka mitano iliyopita, wangapi kati yao walifika walikotumwa, na mashine za GeneXpert mkoani zinatumika kwa saa ngapi kwa siku. Barua itaondoka wiki ijayo. Anayefanya kazi katika hospitali za wilaya hizo na anayeyajua majibu aniandikie kabla; majibu rasmi yakija nitayachapisha hapa kama yalivyo, na yasipokuja nitachapisha tarehe barua ilipopokelewa na muhuri wake.